Uzi: Mdudu wa Kafka ni nani hasa? Njooni tusome taratibu

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa vitabu vifupi vya kumaliza kwa siku moja, mtu aliitaja Die Verwandlung (yaani Mageuzi), hadithi ya Kijerumani ya Franz Kafka, mwandishi wa Prague, na ndani ya nusu saa moto ukawaka. Mmoja: mdudu ni ubepari. Mwingine: mdudu ni baba yake Kafka. Wa tatu akatuletea Adamu na Hawa. Nikaona tusiharibu uzi wa watu, nifungue huu.

Kwa ambao hawajasoma, kisa ni hiki. Gregor Samsa, kijana anayezunguka miji na sampuli za vitambaa kutafuta oda, anaamka asubuhi moja akiwa dudu kubwa, mgongo mgumu, miguu mingi myembamba isiyomtii. Hakuna mchawi wala laana wala jini aliyekosewa. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi, mtu akigeuzwa nyani kuna sababu, na kuna dawa ya kumrudisha. Hapa vyote viwili hamna. Nyumbani yupo baba, mama na mdogo wake wa kike, Grete, mwenye miaka 17, na wote watatu wanakula mshahara wake. Karibu kisa chote kinapita ndani ya nyumba hiyo mpaka Gregor anapokufa mwishoni mwa Machi.

Swali la "mdudu anawakilisha nini" ni la zamani. Aprili 1917 bwana mmoja wa Berlin, Dkt. Siegfried Wolff, alimwandikia Kafka barua ya malalamiko. Alikinunua kitabu akampa binamu yake zawadi. Binamu hakukielewa, akampa mama yake, naye hola. Mama akampa binamu mwingine, hola vilevile. Basi wote wakamgeukia yeye, maana ndiye daktari wa ukoo, awafafanulie. Akakosa la kusema. Anamwambia Kafka kwamba amekaa miezi kwenye mahandaki akipambana na Warusi bila kutetereka, lakini heshima yake kwa mabinamu ikipotea, hilo hataliweza. Nikiisoma barua hiyo najiona mimi kidato cha nne, mbele ya swali la "jadili matumizi ya ishara".

Nadhani ugonjwa wetu wengi ni huo. Fani na maudhui tulizifundishwa kama duka la dawa: kila chupa ina lebo, ukitaja lebo unapata alama. Kwa vitabu vingine inakubali. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) anakukabidhi ufunguo mlangoni: mshitakiwa ni Karama, anayemshitaki ni Majivuno. Hiyo ndiyo istiara iliyokamilika, jina lenyewe linajitangaza. Kafka kakuficha ufunguo, na kaufanya makusudi. Oktoba 1915, kitabu kikiandaliwa, alisikia mchoraji wa jalada, Ottomar Starke, huenda akamchora mdudu. Akaandika haraka kwa mchapishaji: hapana, tafadhali, hilo hapana! Mdudu hachoreki, hata kwa mbali asionyeshwe. Akapendekeza wachorwe wazazi na mkuu wa ofisi ya Gregor wakiwa mbele ya mlango uliofungwa. Jalada lililotoka lina mwanamume aliyejifunika uso kwa mikono, nyuma yake mlango uko wazi nusu, ndani giza tupu.

Kwa hiyo mimi nasema tumwache mdudu kwanza, tuangalie upande wa pili wa mlango. Gregor anageuka mara moja tu, sentensi ya kwanza, basi. Wanaogeuka kidogo kidogo mpaka ukurasa wa mwisho ni wale watatu.

Naendelea baadaye, simu ina asilimia nne.

Nahodha Mstaafu

Nimeweka kambi. Ila mkuu usitupige chenga: ni mende au ni mbawakawa? Kuna mtu namdai soda.

Msomaji wa Usiku

Hahaha, soda hiyo hailiwi. Kafka aliandika ungeheueres Ungeziefer. Ungeheueres ni kubwa la kutisha. Ungeziefer ni jina la jumla la viumbe waharibifu na wachafu, kama tunavyosema "wadudu" tukimaanisha kila kinachotambaa ndani ya godoro. Mwandishi Vladimir Nabokov, aliyekuwa anajua wadudu kitaalamu, alifundisha kwamba ni aina ya mbawakawa, na kwamba chini ya gamba lile gumu kulikuwa na mabawa ambayo Gregor hakuwahi kuyagundua. Ukitaka kudai soda, msimamie huyo.

Mimi kinachonivuta ni asili ya neno. Katika Kijerumani cha kale lilimaanisha mnyama najisi, asiyefaa kutolewa sadaka. Sasa weka hilo karibu na kijana aliyejitoa miaka mitano kulipa deni la wazazi wake.

Karani Mchovu

Mimi ni wa kundi la ubepari na sioni aibu. Soma ukurasa wa kwanza na wa pili. Mtu kageuka dudu, halafu anawaza nini? Treni! Saa ilitegwa saa kumi alfajiri, treni ni saa kumi na moja, yeye kaamka saa kumi na mbili na nusu. Inayofuata ni saa moja, na ili aiwahi inabidi akimbie kama kichaa. Anafikiria kusema anaumwa, anakumbuka kwamba kwa miaka mitano hajaumwa hata siku moja, bosi atakuja na daktari wa mfuko wa bima ya wagonjwa, na kwa daktari yule dunia nzima ina watu wazima wa afya wasiopenda kazi.

Huyo daktari si wa kubuni tu hewani. Kafka mwenyewe alikuwa mwanasheria kwenye shirika la bima ya ajali za wafanyakazi pale Prague, tangu 1908 mpaka alipostaafu kwa ugonjwa 1922. Mtu aliyekuwa anapokea mafaili ya vidole vilivyokatwa na mashine anajua vizuri jinsi mwili unavyogeuzwa kuwa karatasi.

Na kabla hata ya saa moja na robo, mkuu wa ofisi kafika nyumbani mwenyewe. Kachelewa treni moja! Mimi ofisi niliyoanzia kazi walinipigia simu nikiwa msibani kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Nikisoma pale nacheka, halafu naacha kucheka.

Binti wa Makorora

Karani, umesema vizuri ila baba humtoi hapo kirahisi.

Angalia miezi. Kafka alianza kuiandika 17 Novemba 1912, akamaliza mwanzoni mwa Desemba. Oktoba ya mwaka huohuo nyumbani kwao kulikuwa na vita kuhusu kiwanda cha asbesto ambacho shemeji yake alikuwa anakiendesha na yeye Kafka alikuwa na hisa. Wazazi walimtaka mchana akitoka ofisini aende kukisimamia. Muda huo ndio alioutegemea kupumzika ili aandike usiku. Hata Ottla, mdogo wake kipenzi aliyezoea kumtetea, safari hii alisimama na wazazi. Kafka akamwandikia rafiki yake Max Brod kwamba amesimama dirishani akifikiria kujirusha. Wiki chache baadaye anaandika hadithi ambayo dada mpendwa ndiye anayetoa hukumu.

Halafu 1919 akamwandikia baba yake barua ya mkono ya kurasa zaidi ya 100, ambayo mzee hakuwahi kuisoma. Ndani yake anamkumbusha alivyomfananisha rafiki yake mmoja, mwigizaji wa Kiyahudi, na Ungeziefer, bila hata kumjua. Neno lilelile! Samsa na Kafka zina herufi tano tano, na "a" zimekaa palepale. Utasema bahati?

Msomaji wa Usiku

Binti, hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kuishia hapo. Ukishasema "mdudu ni Kafka, baba Samsa ni Hermann Kafka", umefunga kitabu. Hujaeleza kwa nini msomaji wa Tanga, ambaye mzee wake alikuwa mpole kama maji ya mtungi, anasoma na koo linamkauka.

Simu imechajiwa, sasa niseme nilichokuja nacho. Vitu vitatu vya ndani ya nyumba ile, vishikeni mkononi mvigeuze.

Cha kwanza picha. Ukutani Gregor ana picha ya mwanamke aliyevaa kofia na skafu ya manyoya, kaikata gazetini, kaitengenezea fremu ya dhahabu mwenyewe kwa msumeno mdogo. Ndiyo burudani yake pekee: jioni baada ya kazi anachonga fremu. Sehemu ya pili, Grete na mama wanaingia kuhamisha samani ili dudu lipate nafasi ya kutambaa. Kabati limetoka, meza aliyofanyia kazi za shule toka utotoni inatoka. Gregor anazunguka hajui aokoe nini, mwishowe anapanda ukutani na kuilalia ile picha, kioo kinampoza tumbo lake la moto. Wataalamu wameandika mengi kuhusu mwanamke yule na matamanio. Sawa. Mimi naona kitu cha karibu zaidi: katika nyumba anayoilipia yeye, fremu ile ndiyo aliyoitengeneza kwa mikono yake bila kuagizwa na mtu.

Cha pili sare. Mzee Samsa kabla ya hapo alikuwa wa kukaa kwenye kiti, kifungua kinywa chake na magazeti kinachukua masaa. Mwana akishindwa kazi, mzee anapata ajira ya tarishi benki, sare ya bluu yenye vifungo vya dhahabu. Na haivui! Anarudi nyumbani anasinzia nayo kitini, sare inajaa madoa, vifungo vinang'aa. Mwana kavalishwa gamba, baba kavalishwa sare, na sijui nani kati yao hawezi kulivua lake.

Cha tatu tunda. Wale wa Adamu na Hawa, nakuja kwenu. Mzee anajaza mifuko matunda ya tufaha kutoka bakuli la kabatini, anayarusha moja moja. La kwanza linateleza tu. Lingine linazama mgongoni na kubaki humo. Sawa, tufaha lina historia. Lakini angalia linachofanya baada ya hapo: zaidi ya mwezi linaoza ndani ya nyama, vumbi limelizunguka, na hakuna mtu wa kulitoa. Mkono mmoja, sekunde moja, ungetosha. Ukishaandika "tufaha = dhambi" unakuwa umeruka hiyo.

Mwana wa Mwisho

Wakuu mimi si mtu wa fasihi, nimesoma kitabu hiki kwa sababu ya uzi huu, usiku mmoja, kwa tafsiri ya Kiingereza niliyoipata. Naomba niseme kitu.

Tulikuwa na mjomba aliyesomesha ukoo. Ada yangu ya sekondari alilipa yeye. Akapigwa kiharusi, upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka. Akawa anatoa sauti ambayo sisi hatuielewi ila yeye anaamini anaongea. Pale mkuu wa ofisi anapomsikia Gregor nyuma ya mlango na kusema ile ilikuwa sauti ya mnyama, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Miezi ya mwanzo tulikuwa tunabadilishana kumlisha. Kisha dada mmoja, ndiye anayempenda kuliko sote, akawa peke yake anayeingia. Kisha chumba chake kikaanza kuwekwa vitu: madumu ya maji msimu wa ukame, baiskeli mbovu, gunia la mahindi, kwa muda tu. Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Siku moja niliingia kuchukua dumu nikamkuta anatazama lile gunia. Kwenye kitabu wanaweka humo samani zisizohitajika, mpaka ndoo ya majivu na pipa la taka la jikoni. Kafka kajuaje habari ya dumu?

Sijui mdudu ni nani. Namjua aliyeweka baiskeli.

Nahodha Mstaafu

Pole sana ndugu. Hapo soda nimeifuta.

Karani Mchovu

Pole Mwana wa Mwisho. Na umenikumbusha sehemu ambayo ubepari wangu haiwezi kuieleza. Siku za mwanzo Gregor kabana sikio mlangoni anamsikia baba akieleza hali ya fedha. Kumbe akiba ipo! Kidogo kilisalia toka biashara ya mzee ilipoanguka, na zile hela Gregor alizokuwa analeta kila mwezi hazikuisha zote, mzee alikuwa anaziweka pembeni. Angeweza kulipia sehemu ya deni kwa bosi na siku ya kuacha kazi ingesogea karibu. Mimi ningevunja mlango. Gregor anatikisa kichwa kwa furaha. Anaona baba kafanya la maana.

Binti wa Makorora

Huyo ndiye mdudu sasa. Yule wa kabla ya sentensi ya kwanza.

Mwalimu wa Zamu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nafundisha Kiswahili, na nimekuwa nikitafsiri kurasa za mwisho polepole, kwa starehe zangu. Nimekwama wiki mbili kwenye neno la herufi mbili: es.

Sehemu ya tatu. Wapangaji watatu wenye ndevu wamemwona Gregor akitoka kufuata violini ya Grete, wamechachamaa, wanahama na kodi hawalipi. Grete anapiga mkono mezani. Anasema hatalitamka jina la kaka yake mbele ya dude hili, kwa hiyo anasema hivi tu: lazima tujaribu kuondokana na es. Mpaka hapo, wakati analeta chakula, alikuwa akisema er, yaani kaka, mwanamume. Sasa kaka kawa es, neno la kitu.

Kijerumani kina njia ya kufanya hivyo kwa silabi moja. Sisi je? "Yeye" yetu haibagui mke wala mume, na wadudu wote tumewaingiza A-WA. Mende huyu. Kunguni ameniuma. Kiswahili kinampa kunguni ngeli ileile ya sheikh na padri! Nikiandika "lazima tumwondoe", Grete wangu hajatenda dhambi yoyote. Anaweza kuwa anasema juu ya mpangaji sugu.

Dawa niliipata kwenye kitenzi. Mwanzoni, sahani ikirudi tupu, Grete wangu anasema "Leo amekula kwa hamu." Pale mezani anasema "Lazima tujaribu kuliondoa." Kutoka -m- kwenda -li-. Nilipoiandika nilisikia ubaridi. Baba, mama, wapangaji, tufaha, wote hawakumuua; ile -li- ndiyo imemuua. Usiku uleule saa ya mnara inagonga tisa za usiku, kichwa chake kinainama.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, mbona huku bandarini watu husema "dudu huyu"?

Mwalimu wa Zamu

Husema, na si kosa. Anayesema "dudu huyu" bado anaona lina roho. Ndiyo maana sikulitegemea jina, nikategemea kiambishi. Grete alitaka kitu kisicho na roho.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu nifungue uzi. Nikuongezee vipande viwili.

Msimulizi mwenyewe haachi "yeye". Kwake Gregor ni Gregor mpaka pumzi ya mwisho, na wengine ni "baba", "mama", "dada", yaani anawaita kama Gregor anavyowaita. Gregor akishakufa tu, ghafla tunasoma "Bwana Samsa" na "Bibi Samsa". Baba na mama wamekwisha, maana aliyekuwa akiwaita hivyo hayupo. Hakuna anayelalamika, hakuna anayeonyesha. Jina limebadilishwa kimya kimya kama kitambaa cha meza.

Kipande cha pili ni yule ajuza wa usafi, mjane mwenye mifupa mikubwa. Huyu hamwogopi Gregor hata chembe. Anafungua mlango na kumwita "njoo huku basi, mzee mbawakawa wa mavi!" Tusi, ndiyo. Lakini katika nyumba nzima, wakati huo, ndiye pekee anayemsemesha.

Kafka hakuupenda mwisho. Januari 1914 aliandika kwenye shajara yake kwamba hausomeki, na kwamba kazi nzima ingekuwa bora kama safari ya kikazi isingemkatiza wakati ule. (Karani, safari ya kikazi! Umesikia?) Mimi napingana naye. Wale watatu wanaandika barua tatu za kuomba ruhusa kazini, wanapanda tramu kwenda nje ya mji, jua linaingia, wanapiga hesabu na kuona hali si mbaya. Wazazi wanamtazama Grete: kumbe kawa msichana mzuri, ni wakati wa kumtafutia mume. Tramu inasimama, yeye ananyanyuka wa kwanza na kujinyoosha mwili wake mchanga. Mabega ya Gregor yameisha, wanapima mengine.

Binti wa Makorora

Sitalala leo.

Mwana wa Mwisho

Mwalimu, yule ajuza wa usafi mwishoni anawaambia nini hasa? Kwenye tafsiri yangu anacheka tu, halafu anasema wasijali kuhusu kuondoa mzoga.

Mwalimu wa Zamu

Kijerumani hakisemi mzoga. Mzoga ungekuwa bado ni wa mtu fulani. Anasema Zeug, vikorokoro, vitu vya kutupwa.

Nahodha Mstaafu

Hapo umetumia ngeli gani?

Mwalimu wa Zamu

KI-VI. "Na kile cha chumba cha pili msihangaike nacho, kimeshashughulikiwa."